Meya wa Oslo hakupandishii kodi: mambo ya kujua kabla ya kulalamika

Bili ya manispaa ikitoka, makundi ya WhatsApp ya Waswahili wa Oslo huwaka moto. Maji, majitaka, taka, ada ya kusafisha dohani (hata kama msimu mzima hukuchoma kuni), na kwa waliojinunulia nyumba, kodi ya majengo juu yake kodi hiyo ikiwapo. Aliyezoea bili ya maji ya DAWASA, Dar es Salaam, akiona jumla ya kroner pale chini anahisi ameuziwa mto mzima. Kisha lawama zote zinabebeshwa mtu mmoja, meya. Miaka minane zilimwendea Marianne Borgen. Tangu Oktoba 2023 zinamwendea Anne Lindboe, daktari wa watoto ambaye zamani alikuwa msimamizi wa haki za watoto wa taifa. Maneno wanayoitwa akina mama hawa humo ndani siwezi kuyaandika hapa.

Hasira naielewa, bili ni nzito kweli. Kinachoudhi ni mtu kuishi hapa miaka kumi bila kujua bili yake inapangwa na nani.

Oslo haiendeshwi kama manispaa nyingi za Norwei. Tangu 1986 jiji lina mfumo wa kibunge: madiwani 59 wanachaguliwa na wananchi, na wingi wao ndio unaoweka madarakani serikali ya jiji, byrådet. Hiyo ndiyo inayoandaa bajeti na kusimamia idara. Kuanzia 2015 hadi 2023 iliongozwa na Raymond Johansen wa Arbeiderpartiet (chama cha wafanyakazi), mwanaume, na ni ajabu jinsi jina lake lilivyosahaulika kwenye matusi. Meya anaongoza vikao vya halmashauri, anapokea wageni na kulisemea jiji. Kwenye bajeti ana kura moja kama diwani mwingine yeyote.

Sasa tumtazame huyo Borgen. Amezaliwa 1951, ni mwanasosholojia, na sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi ameitumia kutetea haki za watoto ndani ya shirika la Redd Barna (Save the Children ya Norwei), jina ambalo Waganda wa rika fulani hawahitaji kutafsiriwa. Halmashauri ya jiji aliiingia miaka ya 1990 kwa chama cha SV, wasoshalisti wa kushoto, chama kidogo ambacho hakijawahi kumtajirisha mtu. Alikaa humo miaka na miaka, kamati baada ya kamati. Mkufu wa umeya aliuvaa Oktoba 2015 akiwa na miaka 64.

Hesabu iliyomfikisha pale inafaa kusomwa na kila mwanasiasa wa kwetu. Mwaka 2015 SV ilipata viti 3 kati ya 59. Vitatu! Arbeiderpartiet walikuwa na 20, chama cha mazingira cha MDG 5, na Høyre, wahafidhina waliokuwa wakitawala, walibaki na 19. Kuunda wingi kunahitaji 30. Ishirini na tano na tatu ni 28, hazitoshi, mpaka Rødt, walio kushoto zaidi, na viti vyao 3 wakubali kuunga mkono kutoka nje. Kwenye mapatano Arbeiderpartiet walichukua uongozi wa serikali ya jiji, na umeya ukaenda kwa SV. Tanzania pia madiwani ndio wanaomchagua meya, lakini nitajie halmashauri ambayo chama chenye viti vitatu kilipewa mkufu. Naibu wake akawa Kamzy Gunaratnam wa Arbeiderpartiet, mzaliwa wa Sri Lanka aliyekuja Norwei akiwa mtoto, aliyenusurika mauaji ya vijana wa chama kisiwani Utøya mwaka 2011 kwa kuogelea. Alipoushika unaibu alikuwa na miaka 27.

Mwaka 2019 chama cha Borgen kilipanda hadi viti 6 na akarudi kwa kipindi cha pili. Arbeiderpartiet waliporomoka hadi 12, na hasira za tozo za barabarani zilizaa chama kizima ambacho Oslo kilijinyakulia viti 4. Ndivyo wenyeji wanavyogeuza bili kuwa siasa. Sisi tunaigeuza kuwa sauti ya dakika nne kwenye WhatsApp.

Kodi ya majengo, hapo nakubali, ilirudishwa Oslo na muungano huohuo. Ilianza 2016 kwa kiwango cha 2 kwa kila elfu, mwaka uliofuata ikawa 3. Thamani ya nyumba ilipunguzwa kwanza, kisha ikatolewa kinga ya milioni 4, na kilichobaki ndicho kilichotozwa. Kwa hiyo nyumba iliyobaki na thamani ya milioni 5 baada ya punguzo ilitozwa kwa milioni moja tu: kroner 3,000 kwa mwaka. Wenye vyumba vidogo wengi hawakulipa hata senti, na humo ndimo wengi wetu tulimo. Høyre waliporudi 2023 waliahidi kuifuta kwenye nyumba za kuishi. Unaona basi kwamba hii ni kodi ya kisiasa: inakuja na kuondoka kwa kura.

Maji, majitaka na taka ni habari nyingine kabisa. Hapo manispaa hairuhusiwi kupata faida. Kanuni inaitwa selvkost: unalipa gharama halisi tu, na ziada ikipatikana lazima irudishwe kwa walipaji, kwa kushusha ada, ndani ya miaka mitano. Ada zinapanda kwa sababu mabomba mengi ni ya zamani na mitambo ya kusafisha majitaka inajengwa upya, si kwa sababu kuna mama amekaa Rådhuset, jumba la jiji, anapanga kukukomoa. Kama nyumba yako inatozwa maji kwa ukubwa wa eneo na mpo wawili tu, omba kufungiwa mita. Mkiwa familia ya watu saba, fanyeni hesabu kwanza kabla ya kugusa kitu. Na ukiwa kwenye borettslag (ushirika wa nyumba) hutaiona bili hiyo. Imejificha ndani ya felleskostnader, gharama za pamoja za kila mwezi, kwa hiyo iulize bodi ya jengo.

Kazi ya Borgen yenyewe ilikuwa ya namna gani? Kila Novemba meya wa Oslo anaenda msituni kukata mti wa Krismasi ambao jiji limeipelekea London kila mwaka tangu 1947, shukrani za wakati wa vita. Mti wa 2021 Waingereza waliucheka kwa wembamba wake. Desemba 10 sherehe ya Nobel ya Amani inafanyika kwenye jumba lake la jiji. Ukumbi ule ndimo Wangari Maathai alimopokelea tuzo 2004, na mwaka 2018, Borgen akiwa meya, Denis Mukwege wa Bukavu. Anayesema hizo ni kazi za mapambo hajawahi kuongoza kikao cha watu 59 wanaogombania bajeti hadi usiku.

Ukitaka kuona meya mwenye rungu, panda treni hadi Trondheim. Kule hakuna byrådet. Mfumo ni wa kawaida, na meya anaongoza pia kamati ya utendaji, formannskapet. Rita Ottervik wa Arbeiderpartiet alikikalia kiti hicho kuanzia 2003 hadi 2023, vipindi vitano mfululizo.

Na mameya wanawake hawa hawakushuka na mvua. Wanawake wa Norwei walipata kura ya manispaa kwa masharti ya kipato 1901, wote 1910, na ya bunge 1913. Kisiwani Utsira, uchaguzi wa 1925 uliwapa wanawake viti 11 kati ya 12, na mkunga wa kisiwa, Aasa Helgesen, akawa meya wa kwanza mwanamke nchini mwaka 1926. Mwaka 1971 wapigakura walikata majina ya wanaume kwenye karatasi na kuyapa uzito ya wanawake, mpaka Oslo, Trondheim na Asker zikawa na wanawake wengi kuliko wanaume. Oslo yenyewe ilingoja hadi 1992 kumpata Ann-Marit Sæbønes, meya wake wa kwanza mwanamke. Leo wanawake ni kama 4 kati ya 10 kwenye halmashauri za nchi, na kwenye umeya kama theluthi. Bado si nusu.

Wewe uliye Mombasa au Bukavu unayepanga kuja, shika hili. Uraia hauhitajiki kupiga kura ya manispaa, wala kugombea. Kinachotakiwa ni miaka mitatu mfululizo kwenye folkeregisteret, daftari la wakaazi la taifa, kabla ya siku ya uchaguzi, na uwe na miaka 18. Saa inaanza siku unayosajiliwa kuwa mkaazi, siyo siku uliyotua uwanja wa ndege wa Gardermoen. D-nummer, namba ya muda, si ukaazi, na watu wanapotezea hapo miaka. Ukirudi nyumbani kukaa zaidi ya miezi sita na usajili ukahamishwa, unaanza kuhesabu upya. Ukihama manispaa baada ya Juni 30 ya mwaka wa uchaguzi, unapiga kura manispaa ya zamani. Kitambulisho chenye picha ni lazima. Kura ya mapema kwa kawaida hufunguliwa Agosti 10.

Ndani ya kibanda usitie karatasi ya chama ikiwa tupu ukaondoka. Weka alama mbele ya majina unayoyataka. Vyama huwapa wagombea wao wa juu nyongeza ya kura, lakini chini ya orodha alama chache zinaweza kumpandisha mtu, na hakuna kata hapa: manispaa nzima ni jimbo moja, kwa hiyo Waswahili waliotawanyika mitaa yote wanaweza kumbeba mtu mmoja.

Anayetaka kugombea Oslo aanzie kwenye bydel, yaani wilaya ya jiji. Jiji lina 15, kila moja na kamati ya watu 15. Orodha hazipangwi wakati wa kampeni. Kamati za uteuzi za vyama huanza kazi vuli ya mwaka uliotangulia, na orodha hufungwa Machi 31. Hakuna dhamana ya kulipia wala fulana za kugawa. Ukichaguliwa, mwajiri hawezi kukunyima ruhusa ya kuhudhuria vikao.

Na asiyetaka siasa akusanye sahihi 300 za wakaazi. Halmashauri inalazimika kulijadili pendekezo lake ndani ya miezi sita. Kundi moja tu la WhatsApp ninalolijua lina watu zaidi ya hao. Uchaguzi ujao wa manispaa ni Septemba 2027. Orodha za wagombea zitafungwa Machi.