Siku moja maishani mwangu: mnasihi wa Kigoma wakati wa mbalamwezi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Kabla ya mswaki natoka uani kuangalia mwezi. Watoto wangu wananicheka, lakini ndiyo kalenda yangu ya kazi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukipevuka, taa hazivuti kitu: mitumbwi inabaki mchangani Kibirizi na Katonga, wanaume wanabaki nyumbani, na hela haiingii. Leo umeinamia juu ya milima ya Kongo, mkubwa kweli. Maabara wana msimu wao wa malaria, mimi nina mbalamwezi.

Uji, sare za shule, ugomvi wa soksi. Natoka.

Saa moja na nusu asubuhi

Bajaji kutoka Gungu. Dereva ananijua. "Dokta, kukupakia wewe kila siku, watu watasema na mimi nimechanganyikiwa." Mimi si daktari, ni afisa ustawi wa jamii niliyesomea unasihi, yaani ushauri nasaha, ila kwetu kila anayekaa nyuma ya meza kituo cha afya ni dokta, nimeacha kubishana. Utani wake una shina. Watu wakisikia afya ya akili wanawaza hospitali ya Mirembe kule Dodoma, au yule kaka anayetembea na mifuko stendi. Ninaowaona mimi wengi wanapika, wanauza, wanasali, wanalea. Wamechoka tu kwa namna ambayo usingizi hauiondoi.

Saa mbili

Chumba changu kiko karibu na dirisha la dawa, na mlango haufungi sawasawa. Dawa yake ni redio ndogo nje, inayopiga taarabu, ili foleni isisikie yaliyo ndani.

Wa kwanza ni mama muuza dagaa, ametumwa na tabibu. Cheti kinasema kichwa, moyo kwenda mbio, tumbo kuwaka. Malaria hana, presha iko sawa, dawa za vidonda vya tumbo amemeza hadi zimeisha. Sijaona mtu aliyeingia hapa akaniambia "nina huzuni". Wanakuja na kichwa. Wanakuja na kifua, mgongo, ganzi za miguu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mimi sina ugonjwa huo wenu, wamenileta tu."

"Sawa mama. Jana umelala saa ngapi?"

Ananyamaza. Kisha: "Mwili ulilala. Kichwa kilikuwa kinahesabu."

Kilikuwa kinahesabu marejesho. Ana mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, sehemu tatu, mmoja aliuchukua ili alipe mwingine, na mbalamwezi hii hana dagaa wa kuanika. Mume hajui.

Hapa ndipo kazi yangu inapokuwa ngumu, maana nina ushauri tele ulimini na ninaumeza. Akitoka hapa na maneno yangu, yatamfikisha getini. Kwa hiyo namuuliza maswali tisa ya PHQ-9, hojaji ya kupima sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, inayotazama wiki mbili zilizopita: hamu ya mambo, usingizi, uchovu, kula, kujilaumu na mengineyo. Kila jibu lina alama kutoka 0 hadi 3, jumla ikifika 10 sikuachii hivi hivi. Swali la tisa linauliza kama mtu amewaza kwamba heri afe au ajidhuru. Wenzangu wengine hulipita haraka, wakiogopa kumpa mtu wazo. Haliwi hivyo. Kumuuliza mtu waziwazi hakumpandikizii wazo, na aliyekuwa nalo hupata pa kulitua. Huwa naliuliza polepole, kalamu ikiwa mezani.

Mama anasema hapana, hajafika huko. Halafu analia, na mimi namwacha alie.

Baadaye tunachukua karatasi. Matatizo tunayagawa: yanayoweza kufanyiwa kitu, yasiyowezekana kwa sasa, na yale ambayo ni kelele tu. Mwezi hatuwezi kuushusha. Maneno ya shemeji yake, kelele. Deni dogo kuliko yote lina mlango: mwenyekiti wa kikoba chake ni mtu wa kusikiliza. Atakwenda kwake kesho, na amechagua mwenyewe kwenda na dada yake. Kausha damu haitaisha kwa sababu amekaa kwangu saa nzima, sijidanganyi. Ila ameingia na fungu moja zito na anatoka na vipande, kimoja kina tarehe.

Saa nne

Kijana kutoka Ujiji, na mama yake. Nilimwona mwezi uliopita, daktari akamwanzishia amitriptilini kwa ajili ya sonona. Ameacha siku ya tano kwa sababu "haifanyi kazi, inakausha mdomo tu". Namweleza tena: dawa hizi kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi nne kabla mtu hajaona nafuu, ila ukavu wa mdomo huja mapema. Mama anauliza kwa aibu kama aache kisomo kwa sheikh. Nani kasema aache? Sheikh amsomee, kijana ameze dawa, na wote wawili wamwombe Mungu usingizi. Nampeleka kwa daktari kabla hajarudia vidonge.

Saa saba mchana

Ugali wa muhogo na migebuka kwa mama ntilie. Nakula kimya. Wenzangu wamezoea.

Saa tisa

Kibirizi. Wanaume hawaji chumbani kwangu, basi siku za mbalamwezi nawafuata. Wanashona nyavu, nami nakaa kwenye ubao wa mtumbwi, macho yao kwenye sindano. Mwanaume asiyekutazama usoni husema mengi. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane, nilijifunza hapa kuliko darasani: mtu aliyezoea kufanya kazi usiku kucha, ukimweka kitandani saa tatu, anabaki na dari na mawazo yake. Gongo iko jirani.

Leo mmoja, mzee wa makamo, anasema hana hamu hata ya kushona, amekuja kwa sababu mkewe kamtimua nyumbani.

"Kaka, na umeshona?"

"Si unaona, kipande hiki chote."

"Hamu imekuja?"

Anaangalia wavu. "Kidogo. Nilipofika katikati."

Sihitaji kuongeza. Huwa tunangoja hamu ndipo tuanze, kumbe mara nyingi hamu huja nyuma ya mkono. Wenzake wamedaka wenyewe, wanapanga nani atampitia asubuhi. Tunamaliza kwa kuvuta pumzi tumboni na kuitoa polepole kuliko ilivyoingia. Vijana wanacheka, wanasema ni kama kupuliza jiko. Na wanapuliza.

Saa kumi na moja jioni

Simu na mnasihi mwenzangu wa Kasulu, dada yangu mkubwa katika kazi hii. Hakuna majina, ni yaliyonikaa kifuani tu. Leo nimemwambia machozi ya yule mama yalinikumbusha madeni ya nyumbani kwetu nilipokuwa mdogo. Hakunipa ushauri. Aliniuliza nimekula nini mchana.

Saa mbili usiku

Namba nisiyoijua. Mwanaume.

"Wewe ndiye unayezungumza na mke wangu? Anakwambia nini?"

"Kaka, habari za jioni. Mtu akija kwangu au asipokuja, mimi sisemi, hata kwa mumewe."

Kimya. Nasikia televisheni kwake, mpira.

"Na mimi nikija, hutamwambia?"

"Sitamwambia."

"Ule mlango wako unaonekana kutoka kwenye foleni ya dawa?"

Unaonekana. Nimemwambia aje kesho saa kumi, dirisha likishafungwa.