Kemo na mayai yangu: nilivyojipanga kabla ya dripu ya kwanza

Nilipoambiwa nina saratani ya titi na kwamba nitachomwa doksorubisini pamoja na saiklofosfamaidi, dawa za kemo zinazoweza kuharibu ovari, kilichoninyima usingizi hakikuwa nywele. Sijazaa bado, na mtoto namtaka.

Waliokuja kunijulia hali kila mmoja alikuja na lake: vitamini E, melatonini, resveratroli, unga wa majani sijui gani. Wifi yangu alikwenda mbali zaidi, akanitumia tafiti za panya. Panya waliopewa antioksidanti (vitu kama hivyo, vinavyozima chembe haribifu za oksijeni mwilini) pamoja na saiklofosfamaidi walibaki na vifuko vingi vya mayai kuliko wenzao waliopewa dawa peke yake. Nilizisoma, na kusema kweli zinashawishi.

Nikazibeba chupa zote hadi kwa mfamasia wa kitengo cha saratani. Alizigeuza moja moja, akasoma vibandiko, kisha akauliza, "Dada, hao panya wako walikuwa na saratani?" Nikafungua simu palepale. Wengi walikuwa wazima kabisa, wamechomwa dawa ili ovari zao ziharibike.

Jambo lenyewe liko hapo. Doksorubisini huzalisha chembe haribifu za oksijeni, na dhoruba hiyo huumiza ovari, lakini pia inaweza kuwa sehemu ya kipigo inachopata saratani. Kidonge nikimeza kinazunguka mwili mzima. Hakina macho ya kuchagua ovari na kuuacha uvimbe. Tena saiklofosfamaidi hushambulia DNA moja kwa moja, wala haingoji seli ianze kugawanyika, ndiyo maana hata mayai yaliyolala hayasalimiki. Hapo vitamini E ina kazi ndogo. Na mwanamke huzaliwa na akiba yake yote, vifuko kama milioni 1 hadi 2, ambavyo hupungua tu.

Si kwamba kinga haiwezekani. Kuna mesna, ambayo hutolewa pamoja na dozi kubwa za saiklofosfamaidi: inakwenda kwenye mkojo na kuinasa akrolini, sumu inayotokana na saiklofosfamaidi, kabla haijachubua kibofu. Ila yenyewe inafanya kazi pale pale kwenye mkojo. Kwa ovari hatujafika huko, na mimi sikutaka kuwa panya wa kwanza mwenye saratani.

Chupa zikabaki kabatini. Nikamwomba daktari wa saratani anipeleke kwa daktari wa uzazi wiki ileile, maana kila kitu hapo ni mbio na tarehe ya kemo. Kuvuna mayai huchukua takriban wiki mbili: sindano za kila siku tumboni, ultrasaundi, na kwangu wakaongeza letrozoli ili estrojeni isipande sana. Tumbo lilijaa kama ngoma. Uvunaji wenyewe nilikuwa nimelazwa usingizi, sikuhisi kitu. Mayai yakaenda kugandishwa kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri.

Kisha nikaanza goserelini, sindano ya chini ya ngozi ya tumbo kila siku 28, ya kwanza angalau wiki moja kabla ya kemo. Inazilaza ovari. Utafiti uitwao POEMS, uliochapishwa mwaka 2015 kwa wanawake wenye saratani ya titi isiyofuata homoni, ulionyesha kwamba kati ya waliochomwa goserelini, wachache zaidi walipata kushindwa kwa ovari kuliko waliopewa kemo peke yake, na wengi zaidi walishika mimba. Daktari alinisisitizia kwamba hiyo ni nyongeza, haichukui nafasi ya kugandisha. Usiku nilikuwa natoka jasho la kulowesha shuka, nikajua bibi zangu walipitia nini damu yao ya mwezi ilipokoma.

Damu ya mwezi ilikatika wakati wa kemo, ikarudi miezi mingi baadaye. Kwa walio njiani: kukatika huko si dhamana ya kutoshika mimba, na dawa hizi zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mimi na mume wangu tulitumia kondomu muda wote, na kuhusu lini tuanze kujaribu tunasubiri neno la daktari.