Treni ya kwenda Pemalang, kwao Hendra

Nilichelewa miezi mitano. Hendra Setiawan, yule bingwa wa badminton wa Indonesia, aliagwa Jakarta Januari 2025 akistaafu kucheza, mi nauli imekuja kutimia Juni, si unajua hela zetu zinavyotembea, kwa hiyo nimefika kwenye mashindano ya Indonesia Open na mtu niliyemfuata hachezi tena. Mwenzangu tunayecheza naye dabo, wawili kwa wawili, pale Dar akanitumia voisi anacheka, "kaka umefika harusini bwana harusi kashalala!" Nikamjibu ukumbi si upo, na kwao si kupo.

Ukumbi wenyewe ni Istora Senayan. Unashuka MRT, treni ya mjini, kituo cha Istora, unatembea kidogo tu kelele hizo hapo. Ni wa zamani, ulifunguliwa 1961, na wala sio mkubwa hivyo, watu kama elfu 7, lakini kelele zake acha kabisa. Mchezaji wao akigonga kinyoya, ndo mpira wa badminton, ukumbi mzima unaitikia eaaa! akigonga tena eaaa! baada ya dakika kumi na mimi naitikia na hata lugha siijui. Nilikaa juu kabisa nikawa naitazama ile korti nawaza, hapahapa 2015 Hendra na mwenzake wa dabo Mohammad Ahsan waliwapiga Wachina Liu Xiaolong na Qiu Zihan gemu mbili kavu wakabeba ubingwa wa dunia. Siku ile paa lilibakije?

Mechi zilipoisha nikapanda treni kwenda Pemalang, mji mdogo Java ya Kati alikozaliwa 1984. Ni masaa kama manne, mashamba ya mpunga mwanzo mwisho, mkifika Brebes ndo kwenye vitunguu na mayai ya chumvi. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja, mi namwita Pak, yaani mzee, yeye ananiita Mas, yaani kaka, Kiingereza hatuna sote cha maana ila nikagundua maneno tunayo, kabar ni habari, waktu ni wakati, nanasi kwao ni nanas, tukaenda hivyohivyo na simu ikitafsiri panapokwama. Nikataja Hendra, akainua dole gumba. Nikataja Markis Kido, akashusha mkono akaangalia dirishani.

Maana huwezi kumsimulia Hendra bila Kido, mwenzake wa dabo wa kabla ya Ahsan. Wamezaliwa mwezi mmoja, Kido tarehe 11 Agosti, Hendra tarehe 25. 2007 mabingwa wa dunia Kuala Lumpur, 2008 dhahabu ya Olimpiki Beijing mbele ya Wachina Cai Yun na Fu Haifeng kwao, tena gemu ya kwanza walifungwa 21-12! Kido ndo alikuwa wa kuruka nyuma na kushusha smashi, Hendra yuko mbele kwenye neti anafunga mlango. Kido alifariki Juni 2021, moyo, akiwa korti anacheza badminton. Ana miaka 36.

Na Hendra kabla ya hapo alishaanza upya na Ahsan, ubingwa wa dunia 2013, huo wa 2015, halafu Olimpiki ya Rio 2016 wakatolewa kwenye makundi wakaachana, Hendra akaenda kucheza na Mmalaysia Tan Boon Heong, wakarudiana 2018 watu wanawaita The Daddies, wababa. Mwaka uliofuata wababa hao wakachukua mashindano ya All England, Hendra ana maumivu ya shavu la mguu anachechemea, halafu wakachukua ubingwa wa dunia Basel, fainali tarehe 25 Agosti, siku anatimiza 35. Kwa miguu ya umri ule anashindaje? Siku zote najibu ni sevu, lile pigo la kuanzisha, na mkono. Haruki sana, anakigusa kinyoya kidooogo kinalala upande wa pili, wewe ndo unalazimika kukiinua na ukikiinua tu umekwisha.

Pemalang nilikula nasi grombyang, wali na nyama ya nyati kwenye mchuzi mwingi mpaka vinaelea, kibakuli kidogo nikaagiza cha pili bila aibu. Jioni nikasikia sauti ya raketi kwenye ukumbi wa mtaa, bati juu, taa mbili hazifanyi kazi, nikachungulia wakanipa raketi na mzee wa kama miaka sitini hivi awe mwenzangu. Kila kinyoya mi nakimbilia mbele, kila kinyoya, tukagongana raketi mara mbili. Akanishika bega, "tenang, Mas," tulia, akaninyooshea kidole nyuma, yeye akasimama kwenye neti raketi juu hata hasogei hatua tatu. Nikabaki nyuma napiga, wao wanarudisha, yeye anagusa. Tukashinda 21-13.

Usiku nikamtumia mwenzangu meseji, kaka Jumatano we kaa mbele, mi nabaki nyuma. Akajibu, "Nimekwambia hivyo toka mwaka juzi."