Mafunzo ya helikopta yakae mbali na hospitali

Mnaouliza kwa nini wanafunzi wa urubani wasizoeshwe kutua kwenye viwanja vya helikopta vya hospitali: kwa Dodoma, jibu la kwanza ni hewa. Mji uko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 30, hewa inakuwa nyepesi zaidi, na injini na mapanga hufanya kazi kana kwamba viko karibu mita 1,900. Nguvu ya akiba inapungua, na mwanafunzi ndiye anayeihitaji zaidi.

Kosa lake la kawaida ni kushuka wima kwa kasi mwendo wa mbele ukiwa umekwisha. Helikopta inazama ndani ya upepo inaousukuma yenyewe chini. Akiongeza nguvu, inazidi kuzama. Kujinasua ni kusukuma usukani mbele apate mwendo, ila hilo linataka kimo na nafasi. Kati ya wodi na nguzo za umeme utavipata wapi? Zoezi la kutua nguvu ya injini ikiwa imeondolewa, kana kwamba imezimika, ndiyo kabisa, lisiguswe hapo.

Bado vumbi la kiangazi na mabati yaliyolegea, ambavyo upepo wa mapanga huvirusha.

Maeneo wazi nje ya mji yapo tele. Mkufunzi ampeleke huko, watue wakiukabili upepo, ambao hapa mara nyingi hutoka mashariki.