Zebaki haiishii kwenye karai

Zebaki huchemka nyuzi 357. Ukichoma mchanganyiko wake na dhahabu juu ya karai wazi, mvuke hupanda na kukaa hewani miezi mingi. Barafuto ya Upper Fremont, milimani Wyoming, Marekani, bado ina zebaki ya wachimba dhahabu wa karne ya 19. Sisi wa Mwanza tuna Geita jirani na ziwa katikati.

Dawa ya kwanza ni ritoti: chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba la kupooza mvuke urudi kuwa zebaki. Kamua mchanganyiko kwenye kitambaa kizito, weka kwenye kikombe cha chuma, ziba mfuniko kwa udongo wa mfinyanzi, kisha pasha moto taratibu. Bomba lielekee chini, lizungushiwe kitambaa kibichi. Wengi hukosea hapa: wanazamisha mdomo wa bomba ndani ya maji. Moto ukipungua, maji hunyonywa hadi kwenye kikombe chenye moto na kulipuka. Mdomo ukae juu kidogo ya maji, basi. Bomba la mabati nalo usitumie, zinki yake hushikana na zebaki. Na usifungue kabla chombo hakijapoa kabisa, hata mwenye karasha (mashine ya kusaga mawe) akikuharakisha.

Kupeleka marudio (mchanga uliobaki baada ya kutolewa dhahabu) yenye zebaki kwenye sayanaidi, kemikali ya kuyeyusha dhahabu iliyobaki, ni kosa kubwa zaidi: sayanaidi huiyeyusha, ikasafiri na maji. Kwenye tope, bakteria huigeuza methili-zebaki, aina yenye sumu kali zaidi, inayopanda kutoka dagaa hadi sangara mkubwa. Kukaanga hakuiondoi. Mjamzito achague dagaa au sato.