Chumvi Kiasi

Mimi ni fundi simu, na katika kazi yangu hakuna kitu kinachoitwa kiasi. Naweka mita kwenye betri. Ikisoma volti 3.7 naendelea, ikisoma 2 namwambia mteja atafute nyingine. Ndiyo maana siku nilipompigia mama kumuuliza sufuria ya maharage inatiwa chumvi kiasi gani, jibu lake lilinichosha.

"Tia kiasi."

"Kiasi gani, mama?"

"Kiasi tu, mwanangu. Si unaonja?"

Mama yuko Muheza. Mimi wakati huo nilikuwa na miaka 34, nimepanga chumba kimoja Tandika, Dar, na kitu pekee nilichojua kupika ni chai. Sitanii. Nyumbani tulikuwa na dada wanne, na mvulana akisogea mafigani alikuwa anatumwa dukani. Nilichotoka nacho Muheza ni kukuna nazi, kwa kuwa hiyo ni kazi ya kukaa juu ya mbuzi na kutumia nguvu. Tui likishakamuliwa, sikujua linakwenda wapi.

Mjini sikuhitaji kujua. Natoka Kariakoo saa mbili usiku, nashuka kwenye daladala, na kibanda cha chipsi hiki hapa. Zege moja, yaani chipsi mayai, mishkaki miwili, soda. Kijana wa pale akiniona tu alikuwa anavunja mayai kabla sijafungua mdomo. Asubuhi chapati mbili na chai, mchana wali wa mama ntilie, usiku zege. Miaka 9.

Siku moja nikawakuta watu wanapima presha bure karibu na soko. Nilikaa kwenye kile kiti kwa sababu foleni ilikuwa fupi, basi. Mashine ikasoma 152 kwa 98. Dada aliyekuwa anapima akaniambia nipumzike dakika 5, akapima tena, haikushuka. Nikaenda hospitali, wakanipima siku mbili tofauti, hali ni ile ile. Daktari hakunipa vidonge siku hiyo. Alisema tuanze na chakula na kutembea, nirudi baada ya miezi 3, na presha isiposhuka ndipo tuzungumze habari ya dawa. Kisha akaniuliza nakula nini, nikamhesabia.

Akaniambia Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima abaki chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, ikijumlishwa na ile iliyomo kwenye mkate, kwenye sosi na kwenye viungo vya pakiti. "Wewe unakula ngapi?" Nikasema sijui. "Huwezi kujua," akasema, "anayetia si wewe."

Nilitoka pale na neno hilo. Mwisho wa wiki nikanunua mtungi wa gesi wa kilo 6 na jiko lake, sufuria mbili, upawa, mwiko na kisu.

Nilianza vibaya. Nilinunua nusu kilo ya maharage mekundu, yale makubwa, nikaona nitaokoa muda na gesi nikitia kila kitu kwa mara moja: maharage, nyanya nne, kitunguu, chumvi vijiko viwili, maji, kifuniko juu, moto mdogo kabisa. Saa moja ikapita, mbili, tatu. Yalikuwa yamevimba lakini ukiyauma yanagoma. Saa tano usiku njaa ikanishinda, nikala sahani nzima hivyo hivyo. Kufika saa saba niko chooni natapika kila nilichokula. Asubuhi nikaimwaga sufuria yote, nikarudi kwa kijana wa zege. Akaniuliza nilisafiri?

Kosa lilikuwa la namna mbili, na nilikuja kuelezwa baadaye. Nyanya zina ukali, na maharage yakichemshwa na kitu kikali hayalainiki upesi. Hilo ni la usumbufu tu. La pili ni la hatari: maharage mekundu mabichi yana sumu yake, na kinachoiondoa ni kuchemka kwelikweli, yale mapovu makubwa, si kufukizwa kwa moto wa mshumaa. Mimi kwa kubana gesi niliyapasha joto saa tatu bila kuyachemsha ipasavyo hata dakika moja.

Aliyenieleza ni mama wa chumba cha tatu, na namna tulivyofika hapo ndiyo sehemu ninayoona aibu kuisimulia. Nyumba yetu ina vyumba 6 vinavyotazama ua mmoja. Wanawake wanapika uani au kwenye korido. Mara ya kwanza nilipotoa jiko langu nje, mmoja akasema, "Kaka, umemficha wapi shemeji?" na wote wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya. Lakini nilirudisha jiko ndani, nikafunga mlango, na kwa wiki tatu nikawa napika kama mwizi. Gesi, mlango umefungwa, dirisha moja, pazia pembeni ya moto. Nikifikiria sasa hivi nashukuru hatukuungua.

Jumapili moja niko ndani nakaanga kitunguu huku natazama simu. Nikasikia sauti kutoka uani: "Mwanangu, kitunguu kinaungua huko! Punguza moto!"

Nikatazama kikaango. Kitunguu kilikuwa bado na rangi nzuri. Nikasogeza pua. Kweli, chini kulikuwa na harufu kama ya karatasi inayoanza kushika moto. Nikageuza kwa mwiko, upande wa chini mweusi. Yule mama yuko umbali wa vyumba viwili, mlango umefungwa, na alikuwa amejua kabla yangu mimi niliyekiinamia.

Nikafungua mlango. "Shikamoo mama. Umejuaje?"

"Marahaba. Kwani wewe huna pua?"

Tangu siku hiyo jiko likatoka nje likabaki nje. Walicheka siku mbili tatu, halafu wakazoea, kama unavyozoea mtu aliyenyoa ndevu. Yule mama hakunifundisha kwa kuketi na kunieleza. Alikuwa anapita na ndoo yake, anatupa neno, anaendelea. "Usikoroge hovyo, yatapondeka." "Maji ya kuongeza yawe ya moto." "Hizo nyanya hazijaiva, utasikia ubichi." Nikamuuliza nitajuaje zimeiva, akanionyesha kwa upawa: mafuta yameanza kujitenga na nyanya pembeni ya sufuria. Hicho nilikielewa. Ni kipimo. Kinaonekana kwa macho.

Nikaamua sitajifunza vyakula 10. Nitajifunza sufuria moja ya maharage, kila Jumapili, mpaka nisimuulize mtu. Kwenye ufundi ndivyo tulivyofundishwa: miezi miwili mitatu unabadilisha vioo tu, hugusi kingine chochote.

Jumamosi usiku nachambua maharage kwenye sinia, natoa mawe na yaliyotobolewa, naloweka. Jumapili namwaga yale maji, natia mengine, nainjika kwa moto mkali mpaka yachemke kwa nguvu, nayaacha hivyo kama nusu saa, halafu ndiyo napunguza. Mama wa chumba cha tatu alinishauri kipande cha magadi ili yaive upesi, na ni kweli yanaiva upesi, lakini kliniki walinikataza: magadi nayo yana sodiamu, ile ile ya kwenye chumvi ninayoikimbia. Kuloweka usiku kucha kunanitosha. Kujua kama yameiva natoa punje moja, naibonyeza kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikisagika bila kuacha kiini kigumu, naepua.

Kuunga ndiko kulikonichukua muda. Mafuta vijiko viwili vya chakula, napima, simimini kutoka kwenye chupa, maana mkono hauna huruma. Vitunguu viwili, moto wa wastani, dakika 8 hadi 10, na hapo simu inakaa chumbani. Kuna hatua tatu za harufu, nimezihesabu. Kwanza kinawasha macho. Kisha kinanukia utamu kidogo, kama sukari ya mbali. Hapo ndipo unatia swaumu na tangawizi. Ya tatu ni ile ya karatasi, na ukifika hiyo umechelewa. Nyanya, karoti, hoho, mpaka mafuta yajitenge. Natia maharage, naponda upawa mmoja au miwili pembeni ya sufuria yatoe rojo, ambayo ndiyo watu wengi wanaitafuta kwa unga wa mchuzi wa pakiti. Sehemu kubwa ya ule unga ni chumvi, soma pakiti.

Chumvi naitia mwisho kabisa. Mwanzoni ilikuwa kijiko kimoja cha chai, kimesawazishwa kwa kisu, kwa sufuria ninayokula mara sita. Baadaye nusu. Nisidanganye, wiki tatu za kwanza nilikuwa nakula kitu kama maji ya mvua. Nilijiongopea kwa limau na pilipili. Kuna siku nilisimama mbele ya kopo la chumvi kama mlevi mbele ya baa. Halafu, sijui ilikuwa lini hasa, nikaanza kusikia utamu wa karoti. Mwezi wa pili nikapita kwa yule kijana wangu nikala zege kwa hamu ya zamani, mdomo ukakauka, nikanywa maji chupa nzima. Alikuwa hajabadilisha kitu. Ulimi ndio uliobadilika.

Baada ya maharage, mengine yalikuja haraka mno, karibu nimuone mama alikuwa ananificha. Mchicha unauosha mara tatu mpaka maji yasiache mchanga chini ya beseni, na kupika kwenyewe hakufiki dakika 5. Dagaa wa Mwanza unawatoa vichwa, unawaloweka kwenye maji ya moto, unawaunga vile vile kama maharage. Samaki nanunua soko la Feri siku ya mapumziko, napaka limau, swaumu na tangawizi, nachemsha na nyanya, sikaangi. Nilihama sembe nikaenda dona. Ugali wa dona ulinitesa, ulitoka na madonge siku nne mfululizo, na bado ukisimama vizuri mimi mwenyewe nashangaa.

Kwenye pesa, zege na mishkaki na soda ilikuwa inakwenda karibu 5,000 kila usiku. Sufuria ya Jumapili, pamoja na mboga, haifiki 5,000 na ninaigawa kwenye makopo, yanaingia kwenye kijifriji changu cha mtumba, nakula siku tatu. Mchana nabeba. Mafundi wenzangu walinitania kuhusu kopo langu, sasa wawili wanabeba.

Miezi 3 ilipofika mashine ya hospitali ilisoma 136 kwa 86. Daktari hakupiga makofi. Alisema bado iko juu kidogo, niendelee, nirudi tena, na nisiache kutembea. Ninarudi mpaka leo kwa tarehe wanazonipa.

Mwezi uliopita kijana aliyehamia chumba cha tano, anasoma chuo, alikuja na sufuria yake kuniuliza chumvi anatia kiasi gani. Nilikuwa na jibu la mama mdomoni kabisa. Nikalimeza. Nikamwambia nusu kijiko cha chai kwa nusu kilo, kimesawazishwa, mwishoni. Anayeanza mpe namba, mengine atayafikia mwenyewe.

Halafu mama akaja Dar, mguu unamsumbua, akakaa kwangu siku nne. Siku ya kwanza alitaka kuingia jikoni, nikamwambia jikoni ni hapo nje kwenye korido na leo pana mtu. Akavuta kigoda akanitazama. Nilipika mbaazi za nazi, chakula chake mwenyewe, na mikono ilikuwa inanitetemeka kidogo. Nazi nilikuna mbele yake, hapo hakuwa na neno. Mbaazi nilizipikia tui jepesi, na tui zito nikatia upawa mmoja tu mwishoni, ili mafuta yasizidi.

Akamega chapati, akachovya, akala. Akatafuna polepole, macho kwenye ukuta.

"Chumvi."

Nikamsogezea kipande cha limau. Akakitazama, akanitazama mimi, akakikamulia juu ya sahani. Akachovya tena. Mara ya tatu hakusema kitu, na ya nne, na sahani ikaisha. Akafuta vidole, akageukia sufuria.

"Na tui zito," akauliza, "umelificha wapi?"