Wiki kumi kabla ya kuingia jimu: kumbukumbu ya maandalizi yangu ya ngumi

Wiki ya kwanza

Nimeamua kujifunza ngumi nikiwa na umri wa miaka 33, na nimejiwekea sharti kwamba sitajiandikisha katika jimu yoyote mpaka niwe nimejiandaa nyumbani, hapa Mabibo, kwa wiki kumi kamili. Hamu yenyewe haikuanza jana. Ilianza Septemba 2018, bondia wetu wa Tanzania, Hassan Mwakinyo, alipomshinda Sam Eggington katika raundi ya pili kule Birmingham, Uingereza, nasi kazini tukashinda siku nzima hatuna mazungumzo mengine. Tangu wakati huo nimekuwa nikisimama kwenye dirisha la jimu moja ya mtaani upande wa Manzese kila nitokapo kazini, na nimeona jinsi wageni wanavyoteseka: kocha anamwelekeza mtu namna ya kuweka mguu, lakini yule mtu ameinama, mikono magotini, anahema, na hakuna neno linalomwingia. Ada ya mwezi mzima inaishia kwenye kutafuta pumzi. Mimi nataka siku nitakapoingia niwe na pumzi ya kutosha kumsikiliza kocha mpaka mwisho wa zoezi.

Nimepita zahanati kupima presha, nikakuta 128 kwa 84. Uzito wangu ni kilo 81, na mapigo ya moyo, niliyoyahesabu alfajiri kabla ya kuondoka kitandani, ni 82 kwa dakika. Mpango wote nimeujenga juu ya raundi, yaani dakika 3 za kazi na dakika 1 ya kupumzika, kwa kuwa ndicho kipimo cha ulingoni. Pambano la ridhaa huwa la raundi 3, na mtu asiyeweza kusimama raundi 3 bila mpinzani hana sababu ya kumtafuta mpinzani.

Wiki ya pili na ya tatu

Ninakimbia saa 11 alfajiri, kwa sababu likishapambazuka joto la Dar es Salaam na unyevunyevu wake humchosha mtu kabla miguu haijachoka. Kosa langu lilikuwa pupa. Siku ya kwanza nilikimbia kilomita 2 kando ya Barabara ya Mandela, siku ya nne nikafika 6, na kufikia mwisho wa wiki nilikuwa nashuka ngazi kwa kushika ukuta, maana mifupa ya miundi yote miwili ilikuwa inauma kwa kuguswa tu. Lami ni ngumu, na mifupa hukomaa polepole kuliko pumzi. Moyo unaweza kuwa tayari kwa safari ambayo miguu bado haiiwezi. Nilipumzika siku tano, nikarudi kwenye kilomita 2, na Jumamosi ninakwenda Coco Beach wakati maji yamepwa ili nikimbie kwenye mchanga wenye unyevu, ambao haubonyei sana na wala haurudishi kishindo kama lami.

Wiki ya nne

Kamba. Nilinunua Kariakoo, nikaikata hadi vishikio vyake vikafika kwapani ninapoikanyaga katikati. Raundi ya kwanza nilijikwaa mara 23. Niligundua kwamba nilikuwa naruka juu kupita kiasi, ilhali kamba inahitaji nafasi ndogo tu chini ya unyayo, na kwamba nilikuwa naizungusha kwa bega badala ya kifundo cha mkono. Nilipotulia nikaanza kusikia mdundo wake sakafuni.

Wiki ya tano

Wiki hii naiandika kwa urefu kwa sababu ndiyo iliyonifundisha zaidi ya zote, tena kwa maumivu. Nilijaza kiroba mchanga, nikakitundika kwenye mwembe wa uani, nikaanza kukipiga kwa mikono mitupu. Siku mbili za kwanza nilijisikia bondia kamili. Siku ya tatu konde la kulia lilitua vibaya, kiganja kikapinda kwa ndani, na kufikia jioni kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba hata nikashindwa kufungua mfuniko wa chupa.

Jirani yetu ni mzee aliyecheza ngumi za ridhaa ujanani mwake. Aliniona nikiwa nimefunga kitambaa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Mkono huo umeupatia wapi?”

“Nilikuwa napiga gunia.”

“Gunia la nini?”

“La mchanga, mzee.”

Alinyamaza kidogo. “Mchanga hushuka chini ukashikana, ukawa jiwe. Hapo umepiga ukuta, mwanangu.”

Aliniagiza nikaombe mabaki ya vitambaa kwa mafundi cherehani, nikijaze kiroba kwa hayo peke yake, niyashindilie kidogokidogo ili pasiwe na uvimbe mahali popote. Kisha akanikunja ngumi kwa mikono yake mwenyewe, kidole kimoja baada ya kingine, gumba likiwa nje juu ya vidole, akagonga vifundo viwili vya kwanza, cha shahada na cha kati, akasema konde litue hapo, na mstari kutoka hapo hadi kwenye kiwiko uwe umenyooka. Anayetua kwa kifundo cha kidole cha mwisho hujivunja mfupa wa kiganja, na ni jeraha la kawaida mno kwa watu wanaopiga bila kufundishwa.

Bandeji nilikuwa nimeiona kama pambo. Sasa ninaifunga kila siku, hata siku nisiyopiga kitu, ili mkono uzoee kazi hiyo: ni kitambaa cha mita 4.5 chenye kitanzi cha gumba. Kitanzi kinaingia, kitambaa kinapita nyuma ya kiganja, kinazunguka kifundo cha mkono mara tatu, kinapanda hadi kwenye vifundo vya vidole mara tatu huku vidole vikiwa vimetanuliwa, kinapita katikati ya kila kidole, kinalizunguka gumba, kisha kinarudi kumalizikia kwenye kifundo cha mkono. Nikikunja ngumi kikanibana kidogo, na nikiifungua kikalegea, kimekaa sawa. Vidole vikianza kubadilika rangi, ninafungua na kuanza upya.

Mzee alikaa hadi magharibi akisimulia jinsi Titus Simba alivyoileta medali ya fedha ya uzito wa kati kutoka Edinburgh, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1970. Ninamheshimu sana kwa saa zile mbili.

Wiki ya saba

Mkono umepona. Mzee amenikataza kufuata maelekezo mengi ya video, akisema kosa nitakalolirudia peke yangu mara elfu litamchukua kocha miezi kuling’oa, na naamini amesema kweli. Kwa hiyo ninafanya mambo matatu tu mbele ya kioo: kusimama mguu wa kushoto ukiwa mbele na kisigino cha kulia kikiwa juu kidogo, kusogea pande zote nne bila miguu kukutana wala kupishana, na kupiga konde la mkono wa mbele kisha kuurudisha mkono shavuni kwa njia ileile uliyoendea. Huko kurudisha ndiko kugumu, kwa maana mkono ukichoka hupenda kurudi kwa chini na kidevu kikabaki wazi.

Wiki ya tisa

Kilomita 5 bila kusimama, mara tatu kwa wiki. Miundi haiumi.

Wiki ya kumi

Uzito ni kilo 76, na mapigo ya moyo alfajiri ni 68. Leo niliingia mlangoni badala ya kusimama dirishani. Kocha hakuniuliza chochote kuhusu ngumi. Alinipa kamba, akabonyeza saa, akaendelea kuwaangalia wengine. Niliruka raundi 3, nikajikwaa mara mbili. Aliporudi alinieleza kwa dakika kadhaa utaratibu wa jimu, jinsi ya kusimama, na kwamba glovu sitazivaa kwa wiki mbili za mwanzo, nami nilimsikia neno kwa neno. Kisha akatazama vile nilivyofunga bandeji, akaifungua ya kulia, akaongeza mzunguko mmoja kwenye kifundo cha mkono.

Nimelipa ada ya mwezi. Ninaanza Jumatatu, saa 12 jioni.